Kioo Kinachojua Njia ya Mwanga

Ukibahatika kushika mkononi kifuniko cha kioo cha taa ya zamani ya chapa ya Holophane, pitisha kidole ndani kwanza. Utahisi mifereji midogo iliyosimama wima. Kisha papasa nje: huko michirizi imelala, moja juu ya nyingine mithili ya ngazi, na kila ngazi ina mwinamo wake. Mifereji ya ndani hutawanya mwanga usiumize macho. Ngazi za nje huupinda uende barabarani, usipotelee angani. Wazo hilo lilizaliwa Paris mwaka 1893, kazi ya André Blondel na Spiridion Psaroudaki. Baadaye vioo hivyo vilitengenezwa pia katika kiwanda cha Heisey, mjini Newark, Ohio.

Ninayemvulia kofia hasa ni fundi wa kalibu. Yeye hachongi kioo. Huchonga chuma, tena kinyumenyume, akijua kwamba kioo cha moto kikishindiliwa humo kitatoka na pembe alizokusudia. Mwinamo ukienda kombo kidogo tu, mwanga unaangukia dirisha la mtu. Na kioo chenyewe ni kikaidi: kikipoa mapema hakijazi kona za kalibu; na kikitoka, sharti kipozwe polepole tanurini, la sivyo mkazo uliobaki ndani hukipasua siku moja bila hata kuguswa. Kwa taa zenye joto kali hutumika kioo cha borosiliketi, ambacho kutanuka kwake ni takriban theluthi ya kioo cha dirisha. Mvua ikikinyeshea ghafla, hakipasuki ovyo.

Plastiki nayo ina sifa zake, tusiidhulumu. Polikaboneti hustahimili mawe ya watundu. Akriliki ina karibu nusu ya uzito wa kioo, na kwenye taa za LED, zisizo na joto kali mbele, lenzi zake ndogo hutoka na kingo kali kuliko za kioo kilichoshindiliwa. Lakini polikaboneti ikipigwa miaka mingi na jua, au na mionzi ya urujuanimno ya balbu za zebaki, hugeuka manjano na kufifiza mwanga. Hata kitambaa chenye mchanga huiachia mikwaruzo. Kioo kilichochafuka kwa vumbi na moshi huhitaji maji, sabuni na subira tu.

Basi nyinyi mnaobadilisha taa za mitaa, msivitupe vifuniko vya kioo kabla ya kuviosha na kuvitazama vizuri.