Asili ya Shujaa katika Muungano wa Wapinzani: Super-Soldier na Amazon (1996)

Mwaka wa 1996 DC na Marvel, kampuni mbili za Marekani zilizokuwa zimegombania wasomaji wale wale kwa miongo kadhaa, zilitoa kwa ushirikiano hadithi ya michoro yenye sehemu nne ambamo mashujaa wa pande zote mbili walipambanishwa. Kati ya mapambano 11, matano yaliamuliwa kwa kura za wasomaji. Baina ya sehemu ya tatu na ya nne, dunia hizo mbili ziliunganishwa, na vikachapishwa vijitabu 12 kwa jina la Amalgam, ambavyo wahusika wake wakuu waliundwa kwa kuchanganya wa DC na wa Marvel.

Mhakiki anaweza kuzipuuza kazi hizi kwa hoja kwamba ni bidhaa za soko. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haielezi ni kwa nini baadhi ya michanganyiko hiyo inafaulu na mingine inakwama. Kibiashara usawa ulizingatiwa: kila kampuni ilichapisha vijitabu sita. Swali ni iwapo usawa huo uliufikia uhusika.

Katika Super-Soldier, kazi ya Mark Waid na Dave Gibbons, uliufikia. Superman ni mtoto aliyeletwa duniani kwa chombo kutoka sayari nyingine. Captain America ni kijana dhaifu aliyetiwa nguvu na wanasayansi wa serikali. Hapa mtoto wa chombo amekufa, na dawa ya wanasayansi inatokana na maiti yake. Asili moja inakuwa sababu ya nyingine, hakuna inayofutwa.

Amazon, iliyoandikwa na kuchorwa na John Byrne, ni kinyume chake. Inamchanganya Wonder Woman na Storm, yaani Ororo, mhusika aliyebuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka wa 1975. Msomaji hukutana naye kwa mara ya kwanza nchini Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua. Mama yake ni binti mfalme Mkenya, baba yake Mmarekani mweusi. Wazazi hao wanauawa Cairo wakati wa vita vya Suez vya 1956, naye anafukiwa kifusini. Hofu yake ya mahali finyu inatokana na kifusi hicho. (Kenya yenyewe imechorwa kwa mkono wa mtu wa mbali, na hilo lastahili uhakiki wake.) Katika Amazon, Ororo analelewa na malkia Hippolyta huko Themyscira. Ngozi, jina na uwezo wa kuamrisha radi vimebaki. Kenya na Cairo hazimlei tena, na miungu inayomzunguka ni ya Kiyunani. Upande mmoja umetoa umbo, wa pili umetoa historia.

Kinaya ni kwamba kura zilikuwa zimempendelea. Katika pambano lao, Wonder Woman, aliyekuwa ameweza kuiinua nyundo ya Thor, anaiweka kando ili pigano liwe la haki, kisha anashindwa na Ororo. Wasomaji wa 1996 walimpa Ororo ushindi. Muungano uliofuata ukampa mshinde wake haki ya kumsimulia kuzaliwa upya.