Mdomo na Pumzi: Kuijua Vakyumu ya Nyumba Yenye Paka

Kijana wa duka Kariakoo alinitazama kama mtu aliyepotea njia nilipotoa bahasha kwenye mkoba. Ndani mlikuwa na manyoya ya paka wangu wawili na mbwa mmoja, mavuno ya siku nne ya kuwachana, na kwapani nilikuwa nimebana kipande cha zulia cha urefu wa mkono. "Shikamoo mama," alisema, jicho likiwa kwenye bahasha. "Hii hapa ni wati 2400. Inavuta mpaka roho."

Nikamwitikia marahaba, nikatandaza zulia langu sakafuni, nikamwaga manyoya na kuyasugua kwa soli ya kiatu mpaka yakazama. Kisha nikamwomba achomeke plagi. Ile ya kuvuta roho ilipita mara tatu ikaacha nusu. Ndogo iliyokuwa imekaa nyuma ya pasi, ya wati 800, ilipita mara mbili na zulia likarudi rangi yake. Kijana akacheka, akaniomba manyoya yaliyobaki ajaribie nyingine zote.

Wati ni umeme unaoliwa na mashine, si kazi inayofanyika. Mashine ya wati 2000 ikiunguruma saa nzima imekula yuniti mbili za LUKU, hata kama haijaokota kitu. Umoja wa Ulaya uliliona hilo: kuanzia Septemba 2014 ulizuia kuuzwa mashine mpya zinazozidi wati 1600, na Septemba 2017 ukashusha kikomo hadi 900. Huko nako paka wamejaa, na mazulia ni mengi kuliko kwetu. Kwa hiyo namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa boksi isikutoe jasho. Kibaya chajitembeza.

Mimi hupima vitu viwili, mdomo na pumzi: kile kinachogusa sakafu mbele, na hewa inayotoka nyuma. Vyote viwili ni vya zamani karibu sawa na mashine yenyewe. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, aliiona London mashine iliyokuwa ikipuliza vumbi badala ya kulivuta. Inasimuliwa kwamba alitandika kitambaa juu ya kiti, akaweka mdomo wake na kufyonza. Alikohoa vibaya, lakini upande wa pili wa kitambaa ukawa umeshika uchafu. Hapo ndipo alipoona kwamba kuvuta ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuzuia kilichovutwa kisitoke tena. Mashine yake ya kwanza ilikuwa kubwa kama gari, ikikokotwa na farasi, ikiegeshwa barabarani na mipira yake kupitishwa madirishani. Miaka michache baadaye, huko Canton, Ohio, msafishaji wa jengo aliyesumbuliwa na pumu, James Murray Spangler, aliunganisha mota ya feni na foronya ya mto, kisha akaongeza brashi inayozunguka mbele. Hataza yake ilitoka 1908, na haki zake zikanunuliwa na familia ya Hoover. Mpaka leo, mwenye paka akienda dukani anatafuta kitambaa cha Booth na brashi ya Spangler.

Tuanze na brashi, maana ndiko wengi wanakoliwa fedha. Manyoya si vumbi. Vumbi limelala tu. Unywele wa paka umejisokota kwenye nyuzi za zulia, na upepo peke yake huupita juu juu. Lazima kitu kiukwangue na kuunyanyua, ndipo upepo uubebe. Kwa hiyo geuza kichwa cha mashine juu chini pale pale dukani. Ukiona tundu tupu, au vinyweleo viwili vitatu vilivyobandikwa kando, hiyo ni mashine ya vumbi la taili, irudishe. Ukiona rola, izungushe kwa kidole. Ipo inayozungushwa na mota yake yenyewe, na ipo inayozungushwa na upepo unaopita. Ya mota utaitambua kwa vichomeo vidogo vya shaba kwenye shingo, pale bomba linapoingia kichwani. Ya upepo hufurahisha kwenye kapeti nyembamba, lakini ikandamize kwenye zulia nene uone: inasimama.

Kisha tazama ncha za rola. Manyoya hayakai katikati, hukimbilia pembeni kwenye beringi, yakajiviringa kama uzi kwenye kibiringo, yakabana, yakaleta joto. Nimewahi kuichomoa rola ambayo ncha yake ya plastiki ilikuwa imeyeyuka na kushikana na manyoya ya mbwa kama gundi. Rola nzuri ina vifuniko vinavyoziba ncha hizo, na hutoka kwa kubonyeza kitufe au kuzungusha sarafu. Ikiwa ni lazima ufungue skurubu tano za nyota ili kuifikia, hutaisafisha. Utasema kesho.

Nyumba zetu nyingi ni taili tupu na zulia moja sebuleni, kwa hiyo ulizia pia kama rola inazimika. Brashi ngumu inayozunguka juu ya taili haiokoti manyoya, inayarusha chini ya kabati. Na mkeka usiuguse nayo kabisa. Ukindu huchanika msuko kwa msuko. Kwa mkeka, fagio bado ni mfalme. Kwa makochi unahitaji kichwa kidogo chenye rola yake au meno ya mpira, na kama hakimo kwenye boksi, hesabu kwamba umenunua nusu ya mashine.

Sasa pumzi. Watu husema wana aleji ya manyoya, lakini unywele wenyewe umebeba lawama ya mwingine. Kinachowasha macho na kubana kifua hasa ni protini iliyomo kwenye mate na tezi za ngozi ya paka. Anajilamba, anajipaka mwili mzima, mate yanakauka na kugeuka unga usioonekana. Mashine yenye pumzi mbaya huokota unywele mguuni pako na kuurudisha unga ule hewani, kwenye kimo cha pua ya mtoto.

Boksi litakuambia filta yake ya hewa ni HEPA. Tafuta daraja: H13, kwa mfano, huzuia asilimia 99.95 ya chembe zile ndogo zilizo ngumu kuliko zote kunaswa. Maneno yanayofanana na HEPA bila daraja ni mapambo. Na hata filta ya kweli ni mlango tu. Kama ukuta una nyufa, mlango mzuri hausaidii. Fungua kifuniko uone kama kuna mpira laini wa kuzibia ukingoni, pande zote. Kisha washa mashine, shika kitambaa cheupe mbele ya tundu la hewa kwa dakika mbili tatu huku ikifanya kazi. Kikitoka na kijivu, hilo ni vumbi lako linarudi nyumbani. Vidoa vyeusi vya kung'aa ni unga wa kaboni za mota. Ikiwa mashine ni mtumba, vikizidi ujue kaboni zinaelekea kwisha.

Mfuko au chombo cha plastiki cha kumwaga? Mimi ni mtu wa mfuko. Unautoa ukiwa umefungwa, unautupa, hukohoi. Chombo huokoa fedha, lakini manyoya hujisokota ndani yake na utayachokonoa kwa kidole, vumbi likikupanda usoni. Ila kabla ya kulipia mashine ya mfuko, mwambie muuzaji akuonyeshe mifuko yake, na ununue pakiti mbili papo hapo. Za betri ni tamu umeme ukikatika, lakini uliza bei ya betri kwanza, maana itachoka kabla ya mota. Roboti mwachie mwenye paka waungwana. Siku mbwa akijisaidia ndani, litapaka nyumba nzima.

Angalia na kibati cha volti. Ndugu yangu aliniletea kutoka Marekani mashine nzuri ajabu, kichwa chake sijaona tena mfano wake. Nikaichomeka kwa adapta ya plagi, nikijisifu. Ilikuwa ya volti 120. Ilipiga kelele kama ndege ya kuruka, ikatoa moshi, ikanyamaza, yote kabla sijafika katikati ya zulia. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, volti 230 zilipita kama zilivyo.

Kutunza ni kazi ya dakika kumi kila Jumamosi. Chomoa plagi, toa rola, pitisha mkasi mdogo kwenye mfereji wake ukate manyoya kwa urefu, uyavute kama unavyofumua nywele. Ikiwa rola ina mkanda, ubonyeze: uliolegea au unaong'aa ubadilishwe. Filta inayooshwa ioshe kwa maji matupu, iache kivulini siku nzima, na wakati wa masika siku mbili. Ukiirudisha mbichi, sebule itanuka mbwa aliyenyeshewa, na unyevu utaiharibu mota. Waya uvute wote nje kabla ya kuwasha, kwani uliobaki umejizungusha ndani hupata joto. Mchanga wa choo cha paka usiuvute. Unga wake huziba filta kwa mara moja.

Na isikilize. Mlio ukipanda ukawa mwembamba ghafla, njia imeziba: angalia mfuko, kisha bomba, kisha shingo ya kichwa. Mlio ukiwa ule ule lakini manyoya yanabaki, rola imesimama. Ikijizima yenyewe, imejikinga na joto. Iache ipoe nusu saa na utafute kilichoziba, usiiwashe kwa hasira. Mafundi wa Gerezani wataibadilishia kaboni au beringi, lakini mota iliyokwisha kuungua hugharimu karibu na mashine nyingine.

Mchane paka kabla ya kusafisha, si baada. Na siku ya kwenda dukani, hayo uliyomchana usiyatupe: yatie kwenye bahasha, uende nayo.