Lugha ya Programu na Daftari la Deni: Uhakiki wa Uteuzi wa Programu za Kompyuta katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Kwa muda mrefu uhakiki wetu umejifunga katika riwaya, tamthilia na ushairi. Hilo si kosa, kwani ndiyo kazi tuliyofundishwa. Hata hivyo, matini anayoisoma mwenye duka wa Kayole au Umoja kila siku, na ambayo akiikosea hupata hasara, si riwaya. Ni maandishi ya skrini. Makala hii inakusudia kuyahakiki maandishi hayo na kutetea hoja moja: kwamba mfanyabiashara mdogo achaguapo programu ya kompyuta, kwa hakika anachagua lugha atakayotunzia mali yake, na kwamba sisi wataalamu wa Kiswahili tumemtayarishia istilahi nyingi bila kumwandalia sentensi atakazozielewa saa ya hatari.

I. Hali ilivyo

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni iliyojengwa miaka ya 1940, Buruburu ya miaka ya 1970, hadi Umoja, Kayole na karakana za Kariobangi, biashara aghalabu huzungumzwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza. Mteja huulizia bei kwa Kiswahili, au kwa Sheng, ambayo wengi huinasibisha na mitaa hiyo hiyo; hupunguziwa kwa Kiswahili na kukopeshwa kwa Kiswahili. Risiti anayopewa ni ya Kiingereza. Maadamu hesabu ilikuwa katika daftari la karatasi, pengo hilo halikuwa na madhara makubwa. Mwenye duka aliandika mwenyewe, "mama wa ghorofa ya tatu, unga pakiti mbili", akaelewa alichoandika hata kama hakuna mwingine aliyeelewa.

Daftari lilipohamia kwenye kompyuta, mambo yalibadilika. Tena siku hizi sheria yenyewe inamsukuma mfanyabiashara kuelekea huko: kufuatia Sheria ya Fedha ya 2023, anatakiwa kutoa ankara za kielektroniki kupitia mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Kompyuta si pambo tena dukani.

Nani basi huchagua programu? Mara nyingi si mwenye mali. Huchagua fundi aliyemuuzia kompyuta iliyokwisha kutumika, au kijana wa saiba anayemjazia fomu za kodi. Naye huchagua anachokijua: Windows na Office kwa Kiingereza, pengine nakala isiyo na leseni. Mwenye duka hufundishwa kwa vidole: bonyeza pale juu kushoto, kisha hapa chini. Anasoma mahali, hasomi maneno. Siku sura ya programu ibadilikapo, elimu yake yote hupotea, na hana budi kumwita kijana tena na kumwonyesha hesabu zake zote, pamoja na neno lake la siri.

II. Juhudi za Kiswahili

Haifai kudai kwamba Kiswahili hakijajaribiwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Baadaye Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ilikuwa na kifurushi cha Kiswahili kilichotajwa kuwa cha Kenya. Hata hivyo, ni nadra kukuta skrini ya Kiswahili katika duka la Eastlands.

Wako wanaosema kwamba wananchi hawakitaki Kiswahili katika kompyuta. Wengine hulaumu wingi wa istilahi: mmoja anasema kompyuta, mwingine tarakilishi, wa tatu ngamizi, kifaa kimoja ni kipanya kwa huyu na puku kwa yule. Hoja zote mbili ni dhaifu. Wingi wa majina ya kifaa haumtatizi mwenye duka, kwa sababu kifaa anakiona kwa macho. Kinachomtatiza ni kile asichoweza kukiona: tendo ambalo mashine iko karibu kulitenda.

III. Sentensi za hatari

Hebu tuchukue mfano. Mtumiaji anataka kufunga hati, na programu inamuuliza kama anataka kuhifadhi mabadiliko. Kisarufi swali hilo halina kasoro. Lakini mwenye duka hajui kwamba amefanya "mabadiliko". Yeye ameandika deni. Neno hilo linaelezea hali ya faili kama mashine inavyoiona, wala si kazi ya mtu. Sentensi ifaayo ingekuwa: "Uliyoandika leo hayajahifadhiwa. Ukifunga sasa, yatapotea." Hapana istilahi mpya hapo. Kuna kitenzi kinachomwelekea msomaji, na kuna matokeo.

Mfano wa pili ni kitenzi "ghairi". Tuseme skrini inauliza, "Ungependa kughairi malipo haya?" na chini yake kuna vitufe viwili, "Ndiyo" na "Ghairi". Je, abonyezaye "Ghairi" anayaghairi malipo, au anaghairi nia ya kuyaghairi? Utata huu haukuletwa na uhaba wa maneno. Umeletwa na mfasiri aliyepewa orodha ya maneno pweke, akatafsiri kitufe leo na swali kesho, bila kuyaona yakikaa pamoja. Hilo ni kosa la kimatini, na mhakiki wa fasihi ana ujuzi wa kulitambua kuliko mhandisi.

IV. Somo la simu

Anayedhani kwamba umma unakikataa Kiswahili cha mitambo na atazame simu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hakuna aliyehitaji kamusi ili kutuma au kutoa pesa. "Sambaza", "Okoa Jahazi" na "Lipa na M-Pesa" yameingia katika mazungumzo ya Burma na Gikomba bila warsha yoyote ya istilahi. Sababu yake iko wazi. Vitenzi hivyo vilitoka kinywani mwa watu, vikafungamanishwa na tendo wanalolitenda mara nyingi kwa siku.

Lakini hapa pia mhakiki asilale. "Fuliza", jina la huduma iliyoanzishwa mwaka 2019, ni kitenzi kizuri cha kale, chenye maana ya kuendelea pasi na kukoma. Kinamwambia mtumiaji kwamba ataendelea kulipa ingawa salio limekwisha. Hakimwambii kwamba anakopa, na kwamba mkopo huo una ada. Kiswahili kinachoeleweka chaweza kuficha jambo kama Kiingereza kisichoeleweka. Kwa hiyo hatutoshelezwi na kuwapo kwa Kiswahili kwenye skrini. Twadai Kiswahili kinachosema kweli.

V. Vipimo vitatu

Kutokana na hayo, twapendekeza vipimo vitatu vya kuhakiki programu ya duka dogo. Kwanza, sentensi za hatari, yaani za kufuta, kulipa, kuhifadhi na kurejesha, ziko katika lugha ambayo mwenye mali huitumia anapodai deni lake? Pili, je, ataweza kuondoka na hesabu zake? Programu huria kama LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, huhifadhi faili katika muundo ulio wazi, unaoweza kufunguliwa na programu nyingine. Programu inayozifungia hesabu za mtu ni kama mlinzi anayekaa na ufunguo wa duka. Tatu, je, mwenye duka anaweza kuitumia siku kijana wa saiba hayupo? Kipimo hiki cha tatu ndicho kizito zaidi, kwani kinapima uhuru.

Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili, katika kifungu cha 7, kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 nacho kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, onyo lisilosomeka linakuwa suala la haki.

Kuna kazi hapa kwa idara zetu. Katika vyuo vya ng'ambo nilikosomea, lugha ya kompyuta haikuzungumzwa kama tatizo, kwa sababu mashine zilikuwa tayari zikisema lugha ya wenyeji. Sisi hatuna anasa hiyo. Mwanafunzi wa tafsiri apewe skrini nzima badala ya orodha ya maneno, kisha apeleke sentensi zake Umoja au Kariobangi, zisomwe na mtu mwenye deni la kudai. Akisita mbele ya kitufe, sentensi irudi darasani iandikwe upya.