Kilio kwa Mungu katika Utendi wa Mwana Kupona

Kiswahili chapambanua kulia na kulilia. Aliaye hahitaji ila uchungu wake. Bali amliliaye mwingine hana budi kuwa naye wa kumsikia. Kwa kipimo hicho twataka kuupima utendi mmoja ambao walimu wengi waujua kwa jina, lakini wachache huusoma hata mwisho.

Mwana Kupona binti Msham, wa kisiwa cha Pate, aliutunga mwaka 1858. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, shekhe wa Siyu, aliyefariki mwaka 1856. Maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Basi akamwita binti yake aketi karibu na wino na karatasi, ampe wasia. Wasia huo auita hirizi, na tena kidani cha lulu na marijani.

Utendi huu ulipochapishwa Medstead mwaka 1934, katika kazi ya Alice Werner na William Hichens, jina la kitabu kwa Kiingereza liliutaja kuwa ni shauri juu ya wajibu wa mke. Tangu hapo wasifuo na walaumuo wamekwenda njia moja. Hawa wasifu adabu ya nyumba. Hawa walaumu utii wa mke kwa mume. Wote wawili huishia hapo, kana kwamba beti za mwisho ni desturi tu ya kufungia maneno. Sisi twaona kwamba wamekosea, nasi twatoa sababu zetu.

Sababu ya kwanza ni mpango wa maneno yenyewe. Mama azungumza kwanza habari za kila siku: usafi wa nyumba, manukato, chakula, usingizi wa mume, namna ya kusema na watu. Kisha, pasipo kuondoka katika nyumba ile ile, ageuza uso na kusema na Mungu. Awaombea watoto wake, ndugu zake na jamaa zake. Aomba asamehewe, na maradhi yamtoke. Aliyeitwa Kupona aomba kupona. Hatuoni hapa mahali pawili, pa kazi na pa ibada. Yeye aliyempa binti yake mashauri yote aliyokuwa nayo ajua kwamba mashauri hayatoshi kumlinda mtoto atakayebaki bila mama. Na hapo mashauri yakomapo ndipo kilio kianzapo. Ukizikata beti zile, wasia wabaki kuwa orodha ya amri. Ukiziacha, kila amri yasikika kuwa ni hofu ya mzazi.

Sababu ya pili ni mizani. Kila kipande kina silabi 8, na kila ubeti huishia kwa sauti moja ile ile. Mtu aweza kuuliza, je, mgonjwa ahesabuye silabi analia kweli? Hoja hii si ya kudharauliwa. Ziko beti za dua ambazo maneno yake ni ya mapokeo, nazo zingeweza kutiwa katika utendi mwingine wowote pasipo mtu kuona tofauti. Hapo twakiri kwamba moto wapungua. Lakini atajapo maradhi yake na watoto wake, mizani haimzuii. Yamshika mkono, kama fimbo imshikavyo mzee, apate kufika mwisho wa neno lake.

Kwa nini twayasema haya kwa walimu? Kwa sababu tumewasikia wengine wakimkemea mwanamke aliyeungua mkono jikoni akaita jina la Mungu, wakisema kwamba alitaja bure. Pengine ni kweli. Jina laweza kutoka mdomoni kwa mazoea, pasipo kumwelekea mtu. Huko ni kulia tu. Lakini pengine alikuwa akimlilia, naye asiyeuona moyo hana haki ya kuhukumu upesi. Dini ya Mwana Kupona si yetu, lakini mwenye Zaburi ya 130 mkononi hatashindwa kuitambua sauti yake.

Basi, mwalimu afundishaye utendi huu na aanze apendapo, ila asifunge kitabu kabla ya dua. Mama yule hakumwita mwanawe na wino kwa ajili ya usafi wa nyumba peke yake.