Taa za Ghostbusters: sahihi kwa kipimo kipi?

Kama umeiona Ghostbusters ya mwaka 1984, ya mwongozaji Ivan Reitman, unaukumbuka ule mtambo wanaobeba mgongoni. Pembeni kuna safu ya taa za bluu zinazopanda, na chini kuna taa nne nyekundu zinazowaka kwa zamu kuzunguka duara. Mashabiki wengi wanautengeneza upya nyumbani, na wakisifia kazi yao neno ni lile lile: sahihi. Mimi nimo humo humo, nimeungua vidole nikilehemu, kwa hiyo lawama nitakazotoa hapa zinanigusa na mimi.

Njia inayoheshimiwa ni kuhesabu fremu. Unahesabu taa imewaka kwa fremu ngapi, unagawa kwa 24, unapata muda, unauandika kwenye programu ya Arduino. Sawa kabisa. Lakini fungua programu hizo uone namba: milisekunde 337, milisekunde 412. Hiyo 7 ya mwisho imetoka wapi? Fremu moja ni kama milisekunde 42, na kwa kawaida shata ya kamera inakuwa wazi nusu tu ya muda huo. Taa ikiwaka wakati shata imefungwa, kamera haina habari. Ukipima mwako mmoja, unaweza kukosea karibu fremu nzima. Dawa yake tunafundishwa mwaka wa kwanza kwenye pendulamu: pima mizunguko kumi, halafu gawa kwa kumi. Bado naona watu wanapima mmoja.

Mimi nilichemka zaidi. Nilipima kwa saa huku DVD inacheza. Rafiki yangu wa maabara akahesabu fremu. Tukatofautiana kwa asilimia 4, tukabishana wiki nzima kila mtu akimwona mwenzake mzembe. Kumbe DVD yangu ilikuwa ya PAL, mfumo wa huku kwetu na wa sehemu kubwa ya Ulaya. Huko filamu ya fremu 24 kwa sekunde huharakishwa mpaka 25, kwa hiyo tukio la sekunde 10 linaisha kwa 9.6. Saa yangu ilikuwa nzima, ila niliipima filamu nyingine.

Sasa njoo kwenye bluu, maana hapo ndipo "usahihi" unanichekesha. Karibu kila nakala niliyoiona inatumia LED za bluu. Mwaka 1984 hukuwa na duka la kununua LED ya bluu yenye mwanga mkali. Shuji Nakamura aliionyesha dunia mwaka 1993, na yeye na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Yaani mwanga ule wa kwenye filamu ulilazimika kutoka kwenye taa ya aina nyingine. LED ya bluu inatoa kipande chembamba tu cha rangi, ndiyo maana inachoma macho namna ile. Mtu anabishania milisekunde tano, halafu anaweka taa ambayo haikuwepo.

Kuna na suala la kuzima. Balbu ndogo ya waya, kama ya tochi za zamani, haizimiki papo hapo. Waya unapoa, mwanga unaisha kwa kunyong'onyea. LED inakatika ghafla, kwa jicho ni kama kufumba mlango. Wanaojitahidi wanaiga kufifia kwa programu, na hao nawapongeza, ila wengi wanapunguza mwanga kwa hatua sawasawa. Jicho halifanyi hesabu hiyo. Ukipunguza mwanga kuwa nusu, jicho linaona kama robo tatu bado ipo, kisha mwishoni giza linaanguka kwa kishindo. Inabidi hatua za mwisho ziwe ndogo kuliko za mwanzo.

Na zile nyekundu nne? Sehemu ile inaitwa saiklotroni, jina la mashine ya kweli ya Ernest Lawrence, iliyompa Nobel mwaka 1939. Ndani yake chembe zenye chaji huzungushwa na sumaku. Kwenye sumaku ya tesla 1, protoni inazunguka kama mara milioni 15 kwa sekunde. Ukitaka usahihi wa kifizikia, basi ziwashe zote nne na uziache. Hakuna atakayelipenda vazi hilo, hata mimi. Tunaiga filamu, siyo mashine, na sioni aibu yoyote, mradi mtu aseme anaiga kipi.

Yangu bado ina LED za bluu. Nimezifunika kwa karatasi ya plastiki yenye ukungu na nimerekebisha kufifia. Kwenye programu, mbele ya kila muda, nimeandika idadi ya mizunguko niliyohesabu na kosa lake kwa fremu. Rafiki yangu ameshaanza kubishia hizo fremu.