Na Huyo Binti Anaitwa Nani?

Miaka kadhaa iliyopita, hapa mtaani kwetu Madale, kamati ya wazazi ilinijia na ombi. Shule ilikuwa na upungufu wa madawati, na mmoja wao alikuwa na wazo lililotupendeza sote: tuwaombe wasanii, watangazaji, wachezaji wa mpira na wanasiasa watupe kila mmoja kisa cha kuchekesha kilichompata maishani, tuvichape visa hivyo katika kijitabu, tukiuze. Kwa kuwa nilipata kusahihisha insha za wanafunzi kwa miaka mingi, nikapewa kazi ya kuchagua.

Wazo lenyewe si geni. Huko Uingereza, wachekeshaji walianzisha shirika la Comic Relief mwaka 1985, wakati wa njaa ya Ethiopia, na mwaka 1986 likatoa kitabu cha vichekesho cha Krismasi kilichohaririwa na Douglas Adams na Peter Fincham. Nasi jambo hilo lilitufikia: tarehe 7 Machi 2009, watu mashuhuri 9 wa Uingereza walifika kilele cha Kilimanjaro kwa ajili ya shirika hilo, zikapatikana pauni zaidi ya milioni 3 za kupambana na malaria. Mwenye kudharau fedha za kicheko hajapata kuuguza mtoto.

Basi nikakaa barazani na zile karatasi. Nilipozisoma niliona kwamba visa vya wakubwa ni vya aina tatu. Aina ya kwanza ni majivuno yaliyovaa kanzu ya mzaha: nilizuiwa mlangoni, mlinzi hakunitambua, kisha alipotambua mimi ni nani akatetemeka. Hapo msomaji hacheki, bali anatakiwa apige makofi. Aina ya pili, iliyo adimu, ni ya mtu anayejicheka mwenyewe. Mtangazaji mmoja alieleza jinsi alivyosoma taarifa nzima ya habari kwa madaha, ndipo fundi mitambo akamwonyesha kwamba kipaza sauti kilikuwa kimezimwa tangu salamu.

Aina ya tatu ndiyo iliyonisumbua. Bwana mmoja mwenye jina kubwa alisimulia habari za binti wa kazi aliyetoka kijijini, aliyetumwa maziwa kwenye jokofu akarudi analia, akisema ndani ya kabati mna taa inayojiwasha yenyewe. Kimeandikwa vizuri, nami nilicheka. Bwana huyo alikuwa ameahidi kununua nakala 100.

Tulipokisoma kikaoni, wote walicheka isipokuwa mama mmoja aliyepata kufanya kazi za ndani Oysterbay. Yeye aliuliza tu, "Na huyo binti anaitwa nani?" Tukarudia kusoma. Katika kisa kile mwenye nyumba ana jina, mgeni wake ana jina, hata mbwa ana jina. Anayechekwa peke yake ndiye hana.

Ndugu msomaji, sisi hatukufundishwa na Wazungu kuchanganya kicheko na mchango. Mtani huja msibani, akamwigiza marehemu, akajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Lakini utani una sheria: unayemtania naye ana haki ya kukutania kesho, wala hukasiriki. Yule binti hana kesho ya kujibu. Marehemu Amri Athumani, Mzee Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alituchekesha miaka mingi kwa kuuweka upumbavu juu ya kichwa chake mwenyewe, akiigiza. Nadhani ndiyo maana tulimwita mzee wetu.

Hata hao Comic Relief waliulizwa swali la mama yule kwa namna nyingine. Mwaka 2019, baada ya mtangazaji wao Stacey Dooley kupiga picha amembeba mtoto Uganda, mbunge David Lammy alilalamika kwamba Afrika inaonyeshwa kama mahali pa kusubiri kuokolewa na Mzungu. Oktoba 2020 shirika likatangaza kwamba halitatuma tena watu mashuhuri Afrika kutengeneza filamu za namna ile.

Nilipendekeza tumwombe yule bwana aandike kisa kingine, labda cha siku yake mwenyewe ya kwanza mjini. Mzee mmoja akanijibu, "Mwalimu, dawati haliulizi fedha imetoka kwenye kisa gani." Maneno yake yalikuwa na uzito, na sikupata jibu la kuyashinda. Niliyosema ni kwamba watakaokalia madawati hayo wataweza kusoma, na baadhi yao mama zao ni mabinti wa kazi.

Bwana yule aliombwa kwa heshima. Alijiona amedharauliwa, na ahadi ya nakala 100 ikafa. Kijitabu kilitoka chembamba, na madawati yakawa pungufu ya tulivyohesabu. Mpaka leo nikipita shuleni na kuona mtoto ameandika akiwa sakafuni, daftari juu ya magoti, namkumbuka yule mzee. Kisha namkumbuka yule mama. Sijapata kuwapatanisha hao wawili, lakini kisa kile nisingekirudisha.