Mstari Mmoja Juu ya Kosa

Anayejaza karatasi za majaribio ya dawa akikosea, hafuti. Anapiga mstari mmoja mwembamba juu ya tarakimu, ya zamani ibaki inasomeka. Pembeni anaandika iliyo sahihi, tarehe, na herufi za jina lake. Penseli ni marufuku, na ile rangi nyeupe ya kufunikia makosa pia. Kazi hii haiimbwi na mtu, lakini mimi huitazama kwa heshima ninayompa daktari wa upasuaji.

Novemba 2018, risasi zikilia Kivu Kaskazini, INRB ya Kongo, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, na NIH ya Marekani, taasisi za utafiti wa tiba, zilianzisha jaribio la Pamoja Tulinde Maisha: dawa nne za Ebola, vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na kura ya bahati kuamua nani apate ipi. Sasa, karatasi ikishaingia eneo jekundu la kituo cha Ebola, haitoki tena. Basi muuguzi, jasho likimtiririka ndani ya vazi la kinga, husoma vipimo kwa sauti kuvuka uzio. Mwenzake wa upande huu huandika, kisha humsomea tena. Thelathini na nane nukta tano? Ndiyo, nukta tano. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Jaribio halikufa.

Agosti mwaka huo kamati huru ya kukagua takwimu ilishauri wagonjwa waache kugawiwa dawa zote nne, wapewe mbili tu zilizokwisha kujionyesha bora. Mwezi uleule ugonjwa ukafika Pinga, huko Walikale. Huko nako, chanjo ya Ebola ilikuwa bado haijasajiliwa, kwa hiyo hata mtu aliyekwisha kunyoosha mkono alipaswa kwanza kuelezwa na kukubali. Wapo walioona ni usumbufu tu. Mimi naona palepale ndipo mwanakijiji alipohesabiwa kuwa mtu mwenye neno.

Faili la jaribio likavuka bahari. Mkaguzi hulisoma kama fundi cherehani anayepindua nguo aone mshono wa ndani: nani aliandika, saa ngapi, kwa nini kisanduku hiki kitupu. Oktoba 2020 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha Inmazeb, moja ya zile dawa mbili: kati ya wagonjwa 154 walioipata walikufa asilimia 33.8, na kati ya 153 wa kundi la kulinganisha, asilimia 51. Desemba ikafuata ya pili, Ebanga, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.

Ufundi huu husema hapana vilevile. Agosti 2024, baada ya jaribio lililofanyika Kongo, ilitangazwa kuwa tecovirimat haikuharakisha kupona kwa vidonda vya mpox. Dawa iliyokuwa ikitumainiwa sana!

Na muhuri wa Marekani haufungui mlango wa Kinshasa. ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo, huamua yenyewe. Tumezoea kulaumu makaratasi kwa kuchelewesha. Lakini kwa chanjo ya mpox, ACOREP ilitoa kibali Juni 2024, dozi za kwanza zikatua nchini Septemba, na uchanjaji ukaanza Oktoba 5 mjini Goma.